Mla Nawe

Methali ya kale yasema kuwa mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Ni methali kali. Kwa maneno machache yaivua karamu thamani yake yote, na kumrudisha mtu katika tumbo la mama yake kama mahali pekee pa kutafuta wa kumlilia. Walioitunga bila shaka waliwaona marafiki wa sahani wakitoweka sahani ilipokauka. Walakini yafaa iulizwe kama hiyo ni kanuni ya ubinadamu, au ni malalamiko ya mtu aliyekula na watu wabaya.

Wakorea hawakubaliani nayo, angalau katika msamiati wao. Mojawapo ya maneno wayatumiayo kuwataja watu wa nyumba moja ni sikgu, na maana yake, likichambuliwa, ni vinywa vinavyokula. Neno hilo halitaji damu. Wa nyumbani ni yule ambaye asipokuwapo wakati wa chakula huonekana pengo. Basi si ajabu kwamba watu hao hupenda kuutia moto katikati ya meza. Katika mikahawa yao ya mbavu za kuchoma, mkaa huwekwa katika shimo lililo ndani ya meza yenyewe, wavu juu yake, na bomba la kuvuta moshi karibu na nyama. Mbavu huletwa mbichi. Mmoja wa walaji hushika koleo na mkasi, akageuza, akakata, akawagawia wenziwe, na aghalabu yeye hula nyuma yao. Adabu yataka wadogo wamngoje mkubwa aanze, na mtu asijimiminie kinywaji bali amiminiwe na jirani yake. Wapo hata wanaofunga kipande cha nyama katika jani la saladi wakamtia mwenzao kinywani, jambo ambalo bibi yeyote wa pwani aliyepata kumlisha mjukuu tonge angelielewa bila mkalimani.

Penye nyama teule, meza ya namna hiyo ni ghali sana. Wenye uchungu huuliza: ni haki gani mtu kulipa kwa jioni moja fedha ambazo zingemlisha mwingine mwezi mzima? Swali hili lina heshima yake, lakini haliendi mbali. Bei ya nyama hueleza mfuko wa mlaji. Haielezi deni lake. Deni huonekana vizuri zaidi penye moto usio na bomba la kuvuta moshi.

Mwakitolyo, katika Wilaya ya Shinyanga, imo katika nchi ya Wasukuma, nchi ya ng'ombe na pamba ambayo chini yake mna dhahabu. Wasukuma wa zamani walikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo wanaume na vijana wa mji mmoja walikula na kufundishana. Wachimbaji wadogo wa leo wametoka pande nyingi, na moto wao ni mwingine. Lakini wao nao wameunganishwa na chakula, tena kwa fundo gumu. Desturi ya maduara katika ukanda huo, toka Shinyanga hata Geita, ni kuwa mchimbaji aghalabu hana mshahara. Mwenye duara humlisha. Mwamba ukiwa mgumu, au maji yakijaa, miezi hupita, na kila siku ugali na maharage hupikwa kwa gharama ya mwenye duara au ya mfadhili aliye nyuma yake. Mawe yenye dhahabu yakipatikana, mifuko hugawanywa kwa mafungu yaliyokubaliwa.

Ugali ule ni kitu gani? Si zawadi, maana mtoaji anatazamia mawe. Si mkopo, maana duara likitoka tupu mlaji hadaiwi sahani alizokula. Wala si ujira, maana hakuna mtu awezaye kushuka mita nyingi chini ya ardhi kwa thamani ya sahani mbili za maharage. Ni matumaini yaliyopikwa. Na hapa pana hatari ambayo wasifu wa karamu hawaitaji: mwenye kulisha ana sauti, na aliyelishwa miezi minne huona haya kuuliza kwa nini mifuko yake imepungua. Mkono uleule uliomtia mtu chakula kinywani waweza kumziba kinywa hicho.

Siku duara linapotema, kama wasemavyo wenyewe, ndipo nyama huonekana. Kilo hupimwa, mbavu za mbuzi hugeuzwa juu ya makaa, ubao hujaa, chumvi na pilipili pembeni, na aliyepata huwalipia hata asiowajua kwa majina. Watu wa mijini hucheka wakasema mchimbaji hajui akiba. Huenda. Lakini anajua hesabu nyingine, nayo ni hesabu ya nani aliyeshika kamba alipokuwa chini. Huko Nyangalata, katika mkoa huohuo wa Shinyanga, watu watano waliopolewa hai mwezi wa Novemba 2015, baada ya kufukiwa siku 41. Walikuwa wameishi kwa mizizi, mende na vyura, na maji yaliyodondoka mwambani. Waliozaliwa nao walikuwa juu, penye jua, wakilia. Waliokula nao walikuwa nao gizani. Mtunga methali hakuwahi kushuka duarani.

Hata hivyo mwenye kuisifu karamu ya mchimbaji asiharakishe. Mkaa una kazi mbili katika nchi hiyo. Dhahabu iliyokamatwa na zebaki huchomwa juu ya makaa mpaka zebaki iondoke kwa mvuke, na mara nyingine jiko hilo huwa uani, si mbali na chakula. Moshi wa nyama humwita mtu kwa harufu yake. Mvuke wa zebaki hauna harufu, nao huingia katika mapafu ya aliyealikwa na asiyealikwa sawasawa, hata ya mtoto aliye mgongoni. Na mkaa wenyewe ulikuwa mti. Shinyanga ilikwisha kuvuliwa miti yake kwa kufukuza mbung'o, kwa pamba na kwa kuni, hata ikabidi mwaka 1986 uanzishwe mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliowarudisha wafugaji kwenye ngitili, yale malisho ya akiba ya babu zao. Mchoma mkaa hakai penye ubao wa nyama.

Yuko na mwingine asiyekaa hapo. Ule ugali wa miezi yote haukujisonga wenyewe. Aghalabu mpishi wa kambi ni mwanamke. Yeye huamka kabla ya wachimbaji na hulala baada yao, na hakuna kinywa duarani ambacho hakukijua kwa kipimo chake. Mawe yanapotoka, wenye mafungu huizunguka mifuko na kuihesabu kwa sauti, mara mbili, kwa kuwa hawaaminiani. Mara nyingi yeye huwa pembeni wakati huo, akisugua masufuria.