Vyombo vya Nyumba Mpya na Ahadi ya Bima

Mtu akihamia katika nyumba yake mwenyewe, jirani humpongeza kwa kuta na mabati. Lakini mwenye nyumba anajua kwamba mali nyingine kubwa imo ndani: vitanda na magodoro, kabati, cherehani, friji, redio, masufuria, nguo za watoto na vitabu vyao vya shule. Vitu hivi havikununuliwa siku moja. Vilipatikana kimoja kimoja, mwaka baada ya mwaka, kwa mshahara mdogo na kwa kujinyima. Moto wa nusu saa waweza kuvimaliza vyote. Je, ni jambo jema kuvikatia bima? Na kama ni jema, mtu atajuaje bima ya kutegemewa?

Kwa watu wengi wa Likasi, na wa njia ya kwenda Shinkolobwe, maswali haya ni mapya. Zamani, wakati wa Union Minière na baadaye wakati wa Gécamines, mfanyakazi wa migodi alikaa katika nyumba ya kampuni. Leo wengi wanajenga kwa fedha zao wenyewe. Tena zamani hapakuwa na kuchagua. Shirika la serikali la bima, SONAS, lililoundwa mwaka 1966, lilifanya kazi hiyo peke yake kwa miaka mingi. Sheria ya Machi 2015 ndiyo iliyofungua mlango kwa kampuni nyingine, na tangu mwaka 2019 kampuni za watu binafsi zimepewa vibali na ARCA, yaani mamlaka ya serikali inayosimamia bima. Basi sasa mtu ana nafasi ya kuchagua, na mwenye kuchagua ana wajibu wa kufikiri.

Wako wanaosema kwamba kukata bima ni kukosa tumaini kwa Mungu. Tuwajibu kwa upole. Yosefu kule Misri alijaza ghala katika miaka ya shibe ili watu wapate kula katika miaka ya njaa, wala hakuna anayesema kwamba alikosa imani. Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha kwamba kuona mbele ni sehemu ya busara. Tajiri mpumbavu wa Injili hakulaumiwa kwa kuwa na ghala. Alilaumiwa kwa sababu alidhani ghala lake litamlindia roho yake. Mtu afungaye mlango usiku hamtukani Mungu.

Wengine husema kwamba bima ni kamari: unalipa fedha, nyumba haiungui, fedha zimepotea. Hapo kuna kosa la kufikiri. Mcheza kamari hutafuta hatari ambayo haikuwapo, apate faida kwa hasara ya mwenziwe. Lakini hatari ya moto na ya wizi ipo tayari, tukiitaka tusiitake. Mwenye bima hatafuti faida. Anataka tu asianguke kabisa.

Tazama hesabu hii. Nyumba 200 zinatoa kila moja dola 20 kwa mwaka. Jumla ni dola 4,000. Katika mwaka huo nyumba moja inaungua, na vyombo vyake vilikuwa vya thamani ya dola 3,000. Fedha za wote zinamwinua mmoja, na masalio yanalipa wafanyakazi na kuwekwa akiba. Wale 199 hawakupoteza kitu: walinunua usingizi wa mwaka mzima, tena walimsaidia mtu wasiyemjua. Sisi tunajua jambo linalokaribia hili katika likelemba, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita upatu. Tofauti ni moja: katika likelemba kila mtu hupokea kwa zamu yake, katika bima hupokea yule tu aliyepatwa. Heri asiyepokea kamwe.

Mji wa London ulijifunza hayo kwa machozi. Mwezi wa Septemba 1666 moto uliwaka siku nne, ukateketeza nyumba zipatazo 13,200. Katika miaka ya 1680 daktari mmoja aliyekuwa mjenzi, Nicholas Barbon, akaanzisha ofisi ya bima ya moto. Watu walikwisha kuona kwamba huruma peke yake, bila mpango, hufika kwa kuchelewa.

Sasa tufike kwenye swali la pili. Bima ni bidhaa ya ajabu. Ukinunua shoka, unalishika mkononi na kupima makali yake. Ukinunua bima, unanunua neno tu: leo unalipa, nao wanaahidi kulipa siku mbaya ikifika. Kwa hiyo kuchagua bima ni kuchagua mtu wa kuaminiwa. Bei ni jambo la pili. Ahadi rahisi isiyotimizwa ni ghali kuliko zote. Yafaa basi kuuliza maswali haya kabla ya kutia sahihi.

Kwanza: kampuni ina kibali cha ARCA? Na wakala aliyekuja mlangoni, je, ametumwa kweli na kampuni hiyo? Nenda ofisini ukaulize. Usilipe bila kupewa stakabadhi, wala usiridhike na kadi yenye jina tu.

Pili: kampuni yenyewe imejikinga namna gani? Moto ukila soko zima, je, ina nguvu ya kuwalipa wote? Kampuni nzuri hukata bima kwa kampuni kubwa zaidi, ili mzigo ugawanywe. Tena waulize watu waliokwisha kupatwa na hasara: walilipwa? Baada ya muda gani? Ushuhuda wa watu hao una uzito kuliko matangazo kumi.

Tatu: hati inasema nini? Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Soma kwanza sehemu ya mambo yasiyolipwa, ndipo usome ile ya yanayolipwa. Kama hujui Kifaransa cha sheria, mwombe mwalimu au mtu mwingine mwenye elimu akusomee pole pole. Hati nyingi hazilipi wizi kama mlango haukuvunjwa. Nyingi zina kiasi cha hasara ambacho mwenye nyumba hubeba mwenyewe. Zote zina muda wa kutoa habari ya hasara. Ukichelewa, haki yako yaweza kupotea. Uliza pia kama kitanda cha zamani kitalipwa kwa bei ya kitanda kipya, au kwa bei ya kitanda kilichochakaa. Tofauti yake ni kubwa sana.

Nne: thamani imeandikwa sawasawa? Watu wengine huandika kiasi kidogo ili walipe kidogo. Waangalie! Tuseme vyombo vyako ni vya dola 4,000, nawe umeandika 2,000. Moto unaunguza vitu vya dola 1,000. Kwa kanuni inayotumika katika hati nyingi utapewa 500, kwa maana uliandika nusu tu. Tena uliza hesabu imeandikwa kwa fedha gani, uikague kila mwaka. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1993, zaire milioni tatu za zamani zilipobadilishwa kuwa zaire mpya moja. Ahadi ya fedha iliyooza ni ahadi iliyokufa.

Lakini ahadi ina pande mbili. Tunataka kampuni iwe na uaminifu. Na sisi je? Mtu aliyeibiwa redio moja akidai tatu, husema moyoni, Kampuni ni tajiri, haitaumia. Anajidanganya. Fedha anazochukua ni zile dola 20 za nyumba 199: za mama anayeuza mihogo, za mwalimu, za mjane. Huo ni wizi uliovaa kanzu ya msiba. Vivyo hivyo yule anayeficha kwamba anaweka petroli chumbani. Basi andika orodha ya vyombo vyako kwa kweli, vipige picha, hifadhi stakabadhi, na uweke nakala mahali pengine, kwa ndugu au rafiki. Orodha iliyomo ndani ya kabati huungua pamoja na kabati.

Sasa, ndugu msomaji, tufikiri juu ya jambo moja linalotuhusu sisi kuliko watu wengine. Katika hati za bima za nyumba karibu kila mahali duniani, kati ya mambo yasiyolipwa, kuna mstari mmoja unaotaja hasara ya nguvu ya nyuklia. Tangu miaka ya 1950 kampuni za bima zimeikataa hasara hiyo katika bima za kawaida. Wengi wanaosoma mstari ule kule Ulaya na Marekani hawajui Shinkolobwe ni wapi. Lakini ni katika kilima hiki kwamba Mwingereza Robert Sharp alitambua madini ya urani mwaka 1915. Ni hapa Union Minière walipochimba tangu mwaka 1921. Na sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Waamerika kutengeneza mabomu ya atomi ya mwaka 1945 ilitoka hapa. Jiwe lililotoka katika udongo wetu limeandikwa katika hati za watu wa mbali, kama kitu ambacho kampuni haithubutu kukiahidi.

Kwa nini hawathubutu? Turudi kwenye zile nyumba 200. Mpango wetu ulisimama kwa sababu moja iliungua na 199 zilibaki. Kama zote zingeungua siku moja, nani angemwinua nani? Ndiyo sababu hati nyingi huondoa pia vita, maasi, na uharibifu unaofanywa kwa amri ya serikali. Bima hubeba msiba wa mmoja kati ya wengi. Msiba wa wote pamoja haiwezi kuubeba.

Na sisi tumeiona misiba ya namna hiyo. Mwaka 1992, hapa Likasi, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao. Familia nyingi zililala kwenye stesheni ya reli majuma na miezi zikingoja treni, na vyombo vyao viliporwa au viliuzwa kwa bei ya bure. Mwaka 2004, kule Shinkolobwe, serikali ilipiga marufuku uchimbaji mwezi wa Januari. Julai shimo liliporomoka na watu wanane wakafa. Agosti wachimbaji na jamaa zao, maelfu ya watu, waliondolewa na kijiji chao kikaharibiwa. Masufuria na magodoro ya watu wale yalikuwa na thamani kama yetu. Hati gani ingewalipa?

Tusiseme basi kwamba bima haina maana. Mwavuli hauzuii mafuriko, lakini mwenye akili hautupi kwa sababu hiyo. Tujue tu mpaka wake. Mahali inapokoma ahadi ya kampuni, haki ya serikali na wajibu wa jirani havikomi. Hao waliofukuzwa mwaka 1992 hawakupotezewa vyombo na radi wala na umeme. Walipotezewa na watu, mara nyingine watu waliokuwa wamechota nao maji kwenye bomba moja. Hasara ya namna hiyo huzuiliwa na jirani anayesimama mlangoni mwa mwenziwe na kusema, Hapa hamwingii.

Kwa hiyo mwenye nyumba mpya ana kazi mbili. Akate bima kwa kampuni yenye kibali na sifa ya kulipa. Asome hati yake, aandike kweli, alipe kwa wakati. Tena awajue majirani zake wa kulia na wa kushoto, awe mtu ambaye na wao waweza kumwachia ufunguo. Kazi ya kwanza yaweza kumalizika kwa juma moja. Ile ya pili huanza siku ya kuhamia, wala haina siku ya mwisho.