Mwenye Nguvu Mpishe? Kuhusu Uuzaji wa Nafasi ya Mbele katika Foleni za Bustani za Burudani

Methali isemayo "Mwenye nguvu mpishe" hunukuliwa mara nyingi kana kwamba inamtetea mwenye nguvu. Tukiitazama kwa makini tutaona kwamba haimpi haki yoyote. Inamwonya tu mnyonge kuwa si busara kumzibia njia anayeweza kumkanyaga. Kupisha kwa hadhari ni jambo moja, na kupisha kwa kuwa anayepishwa anastahili ni jambo jingine kabisa. Na yeyote aliyewahi kumpisha mzee mlangoni anaijua tofauti hiyo bila ya kufundishwa na mwanafalsafa. Makala haya yanakusudia kuitumia tofauti hiyo kulichunguza swali ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakaliona dogo mno kwa kurasa hizi: je, ni haki kwa wenye bustani kubwa za burudani nchini Marekani kuwauzia baadhi ya wageni wao nafasi ya kuwapita wenzao waliotangulia kusimama foleni?

Udogo wa swali ndio unaotuvutia. Hakuna afaye kwa kukosa kupanda kijigari cha reli huko Florida. Dawa, chakula na maji vina uzito wao, na mtu akivijadili hisia huitangulia hoja. Katika bustani ya burudani hisia hizo hupoa, nasi twaweza kuitazama kanuni yenyewe ikiwa peke yake.

Kwanza historia. Disneyland ilipofunguliwa huko California mwaka 1955, haukupita muda kabla ya wageni kuanza kuuziwa vitabu vya tikiti vilivyopangwa kwa madaraja ya herufi, kila mchezo na tikiti yake. Mtindo huo ulikoma mwaka 1982, kiingilio kimoja kikawa kinatosha kwa yote. Tangu hapo aliyekwisha kuvuka lango alikuwa sawa na mwingine yeyote aliyelivuka: tajiri na karani walisubiri pamoja chini ya jua lile lile. Mwaka 1999 ukaanzishwa utaratibu ulioitwa FastPass. Mgeni alichukua kikaratasi kwenye mashine, kikamwambia arudi saa fulani, naye akaenda kula au kutembea huku zamu yake ikimsubiri. Hakutozwa chochote. Hiyo ilikuwa foleni bado, ila iliwaruhusu watu kuisimamia wakiwa wameketi. Bustani zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya janga la korona utaratibu huo ulikoma, na haukurudi. Oktoba 2021, huko Florida, mahali pake palichukuliwa na huduma ya kulipia iliyoitwa Genie+, iliyoanza kwa dola 15 kwa mtu kwa siku. Mwaka 2024 huduma hiyo ikapewa jina la Lightning Lane Multi Pass. Na kabla ya mwaka huo kwisha ikaongezwa daraja ya juu zaidi, ambayo katika bustani ya Magic Kingdom ilianza kuuzwa kwa bei ya kati ya dola 329 na 449 kwa mtu kwa siku, kiingilio mbali. Bustani za Universal zilikuwa zimekwisha kuuza pasi yao ya Express kwa miaka mingi.

Hoja ya watetezi wa biashara hii si dhaifu, na mhakiki hapaswi kuidunisha. Wanasema kwamba bustani si hospitali wala kituo cha kupigia kura. Ni mali ya mwenyewe, na mwenye mali ana hiari ya kupanga bei. Wanaongeza kuwa foleni nayo ni bei, ila hulipwa kwa saa badala ya fedha, na saa hazina thamani moja kwa watu wote. Muuguzi kutoka mbali aliyejinyima miaka mitatu ili awalete watoto wake kwa siku moja tu anazihitaji saa zake kuliko mkazi wa mji wa jirani mwenye pasi ya mwaka mzima, ambaye anaweza kurudi Jumanne ijayo. Kwa nini muuguzi azuiwe kulipa? Tena, wanatukumbusha, ndege zina daraja la kwanza na hakuna anayeandamana.

Mfano wa ndege unawageuka wenyewe. Abiria wa daraja la kwanza amenunua kiti kipana na chakula kizuri, lakini ndege hutua kwa wote saa ile ile. Kiti chake hakikumchelewesha aliyeketi nyuma. Katika foleni mambo ni mengine. Chombo chenye uwezo wa kubeba idadi fulani ya watu kwa saa hakizai hata nafasi moja ya ziada kwa kuwa mtu amelipa. Kila anayeingizwa mbele humrudisha nyuma aliyekuwapo, na dakika anazookoa huyu hutoka katika siku ya yule. Kwa hiyo kilichouzwa si kiti cha kampuni pekee. Ndani ya bei hiyo mmechanganywa dakika za watu ambao hawakuulizwa wala hawakulipwa.

Hapa fasihi inatusaidia. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi (1969), Shylock ana hati halali inayompa ratili ya nyama ya Antonio. Portia haibishii hati hiyo. Anamruhusu Shylock achukue nyama kama ilivyoandikwa, mradi asimwage tone la damu, kwa kuwa damu haimo katika hati. Wanafunzi wetu huliona jambo hili kama ujanja wa kisheria, na labda ni ujanja, lakini chini yake pana fikira nzito: ziko mali ambazo haziwezi kukatwa bila ya kuvuja kitu cha mtu mwingine. Mwenye bustani naye ana hati yake. Kiti ni chake, reli ni yake, umeme ni wake, na auze. Ila tunamtaka atuonyeshe jinsi atakavyokiuza kiti cha mbele bila ya kumwaga dakika za waliosimama. Atajibu kwamba dakika hizo zimo katika hati, kwani kila aliyenunua kiingilio alijua kuwa njia ya pili ipo. Jibu hili tutalirudia.

Yamkini si kila msomaji ajuaye kwamba tamthilia hiyo hiyo ilipata kuzusha mzozo wa foleni. Tangu mwaka 1962 ukumbi wa wazi wa Delacorte katika Central Park, New York, umekuwa ukionyesha tamthilia za Shakespeare bila malipo kwa wanaojihimu kupanga mstari. Al Pacino alipoigiza hapo kama Shylock mwaka 2010, walijitokeza watu waliowasimamia wengine foleni kwa ujira, hata mwanasheria mkuu wa jimbo, Andrew Cuomo, akautaka mtandao wa Craigslist uyaondoe matangazo yao. Mwanafalsafa Michael Sandel wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu yale yasiyonunulika kwa fedha, analijadili tukio hili pamoja na mengine ya kuruka foleni, zikiwamo zile za bustani za burudani, na kudai kuwa soko huweza kukiharibu kitu kwa kukigusa tu. Kuhusu Central Park tunakubaliana naye kikamilifu: zawadi ya mji kwa watu wake haibaki zawadi ikichuuzwa. Kuhusu bustani za burudani hoja hiyo haitufikishi mbali, kwa kuwa bustani hizo hazikuwahi kuwa zawadi. Zilikuwa biashara tangu siku ya kwanza, na aliyeshindwa na kiingilio yuko nje ya lango wala hatumsikii. Kosa, kama lipo, halina budi kutafutwa ndani ya lango.

Wengine watasema kwamba ndani ya lango hakuna kosa bali wivu. Mwenendo wa watu unaonyesha vingine. Watu waliochoka husogea kwa hiari kumpisha mjamzito, mkongwe au mgonjwa, na aghalabu humtafutia pa kukaa. Disney wenyewe walikuwa na utaratibu wa kuwasaidia wageni wenye ulemavu. Mwaka 2013 gazeti moja la New York liliripoti kwamba familia tajiri zilikuwa zikiwakodi watu wenye ulemavu wafuatane nao ili wapitishwe mbele. Mwaka huo huo kampuni ikaubadilisha utaratibu wenyewe. Katika kisa hiki tendo la nje halikubadilika hata kidogo: mtu mwenye kiti cha magurudumu anapitishwa, na jamaa wanamfuata. Kilichobadilika ni sababu. Sababu ya awali inatamkika mbele ya yeyote: ninakupita kwa kuwa mwili wangu hauwezi kusimama kama wako. Sababu ya pili haitamkiki bila ya aibu, ndiyo maana ilibidi kuvishwa nguo ya ile ya kwanza.

Tunapendekeza hiki kiwe ndicho kipimo. Sababu ya kutangulia iwe ile ambayo anayetangulia anaweza kumweleza, kwa sauti na ana kwa ana, yule anayempita. Muuguzi wetu wa siku moja anakifaulu kipimo hiki. Wengi wangempisha kwa moyo mweupe. Lakini mlinzi wa njia ya pili hamwulizi ana siku ngapi. Mwenye pasi ya mwaka aliye na fedha atapita, na muuguzi wa pili, aliyejinyima miaka mitatu ile ile na kubakiwa na nauli tu, atasimama. Fedha zilizoletwa kama wakili wa muuguzi zimemwacha muuguzi foleni. Kwa maoni yetu, hapa ndipo hoja ya watetezi inapovunjika, wala haihitaji chuki dhidi ya matajiri ili ivunjike.

Kwa msomaji wa Kenya foleni ina historia yake. Tunalo neno mlolongo, ambalo tangu uteuzi wa wagombea wa KANU wa mwaka 1988 halitamkiki bila ya kumbukumbu. Wapigakura walijipanga nyuma ya wagombea au mawakala wao mchana kweupe, na mahali kadhaa ikatangazwa kuwa mstari mfupi ndio uliokuwa mrefu. Hatulinganishi dhuluma ile na tikiti ya burudani, hazilingani. Tunachokichukua kutoka huko ni ufahamu kuwa foleni ni matini inayosomwa kwa wakati mmoja na wote waliomo. Kila mmoja anajua ameandikwa wapi katika sentensi hiyo, nani kamtangulia na nani anamfuata. Ndiyo sababu mahali panapouma zaidi katika bustani ni pale njia mbili zinapokutana karibu na chombo, ambapo kijana mmoja aliyeajiriwa na kampuni huamua kwa ishara ya mkono wangapi waingie kutoka huku na wangapi kutoka kule. Lawama zote humwangukia yeye, ilhali bei hakuipanga.

Mhakiki hawezi kuyapita majina yaliyochaguliwa. Express ni mwendo. Lightning ni radi. Na Genie ni jini wa Aladini. Yote humsifu aendaye, na hakuna hata moja linalomtaja asimamaye. Hili la jini lina kinaya cha pekee. Wasomaji wa Alfu Lela Ulela wanakumbuka kwamba Aladini alikuwa maskini, mwana wa mshona nguo, na kwamba jini alimtii mwenye taa bila ya kumpekua mfuko. Kampuni iliyoitajirisha sinema yake ya mwaka 1992 kwa hadithi hiyo ilimchukua jini yule yule na kumweka mlangoni akusanye dola 15.

Kinaya kingine kimo katika foleni zenyewe. Mchezo wa Indiana Jones uliofunguliwa Disneyland mwaka 1995 una njia ndefu ya kusubiria inayopita katika hekalu la kubuni, mapango na kuta zenye maandishi ya siri ambayo mgeni mwenye subira anaweza kuyafumbua herufi kwa herufi. Wabunifu walikusudia kusubiri kuwe dibaji ya hadithi, taharuki ikue polepole. Sasa kampuni ile ile inauza ruhusa ya kuiruka dibaji yake. Sijui mwandishi mwingine anayemtoza msomaji fedha zaidi ili asisome sura ya kwanza.

Turudi sasa kwenye lile jibu tuliloliweka kando, kwamba mnunuzi wa kiingilio aliridhia tangu mwanzo. Ridhaa ya kweli huhitaji mtu ajue anachokiridhia. Hapa pana tatizo kubwa kuliko adabu, nalo ni kwamba aliyekuwa mwenyeji amepata maslahi katika uchovu wa mgeni wake. Foleni ikiwa fupi, hakuna atakayenunua njia ya pili. Ikirefuka, bei ina sababu ya kupanda, na kila pasi inayouzwa huirefusha tena kwa wasionunua. Hatudai kwamba kuna mtu anayeirefusha kwa makusudi. Tunasema kwamba yule ambaye zamani angepata hasara kwa kutuchosha sasa anapata faida, na kwamba kiingilio hakikueleza hivyo. Penye mlango wa kila mchezo pana kibao kinachotangaza muda wa kusubiri, tuseme dakika 70. Kingeweza kuandikwa namba mbili: dakika ambazo mgeni angesubiri kwa ajili ya waliomtangulia, na dakika zilizoongezwa kwa ajili ya waliolipa. Hesabu hiyo si ngumu kwa kampuni inayojua kila pasi iliyouza kwa siku na saa ya kutumika kwake. Namba ya pili ikisimama pale mlangoni, mwenye kusubiri akaisoma na bado akaingia, hapo ndipo tutakapoweza kuzungumza juu ya ridhaa yake.