Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 14: Rangi ya Kuficha



Ndugu yangu, unauza nyumba. Umefagia uwanja, umepaka rangi. Si kosa, nyumba safi huvutia bei. Lakini ule ukuta wa chumba cha nyuma unaolowa kila masika, umeupaka rangi upendeze, au usijulikane?

Utasema, "Mnunuzi hakuuliza." Atauliza vipi asichokijua?

Mtume (s.a.w.) alitia mkono kwenye rundo la chakula sokoni, akakuta chini kimelowa. Muuzaji akasema ni mvua. Kweli, mvua hakuileta yeye. Alichoulizwa ni kwa nini hakukiweka juu watu wakione. Kisha likaja onyo kali kwa mwenye kudanganya (Muslim).

Basi mwoneshe ukuta, na upunguze bei kwa kiasi cha matengenezo. Ndiyo, utapata pungufu, na shida unazo. Lakini masika yajayo, watoto wa mwenzio watahamishwa usiku godoro likilowa, nawe unajua tangu leo.

Mchana tunajizuia hata maji ya halali. Jioni tufuturu kwa pesa ya ukuta uliofichwa?

Allah atie baraka katika kuuza na kununua kwetu. Aamin.