Ajibiwe Anayeandika

Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, halikuishia kwenye habari. Liliwapa washairi nafasi. Mtu wa Tanga aliweza kutuma beti zake, kisha akajibiwa na mtu wa Lindi asiyemjua hata kwa sura, ama kwa sifa ama kwa kupingwa kwa vina. Na kupingwa nako ni heshima kubwa, maana huwezi kumjibu mtu usiyemsoma. Shaaban Robert, karani wa serikali, naye alichapisha humo.

Leo vijana wengi wanaandika vizuri na hawajibiwi hata neno. Ukisoma shairi au hadithi ya mtu ikakugusa, usinyamaze. Mwandikie leo hii, na umtajie ubeti wenyewe uliokugusa.