Kanuni Iliponyamaza

Kijana mmoja, fundi wa programu, alilitengenezea kundi la taarab mtambo wa mwangwi. Kundi lilikuwa na kanuni, fidla mbili, akodiani na mwimbaji wa kike mwenye sauti isiyohitaji kusaidiwa, lakini ukumbi waliokuwa wakipigia ulikuwa mdogo, umejaa mapazia, na mlio wa kanuni ulikufa mara tu vidole vilipoachia uzi. Kijana akaahidi kuipa kanuni ukumbi mkubwa ndani ya kompyuta ya mpakato. Kisa chake nakisimulia kwa ajili ya wote wanaoandika programu za kuchakata sauti jukwaani, maana kosa lake ni la watu wenye akili na bidii, si la wavivu.

Kazi yenyewe aliijua. Sauti inayoingia kwenye kompyuta hupimwa, tuseme, mara 48,000 kila sekunde, na vipimo hivyo hupelekwa kwa prosesa mafungu mafungu. Yeye alichagua fungu la vipimo 128. Hapo prosesa inaletewa mafungu 375 kwa sekunde, na kila moja lina muda usiofika milisekunde tatu wa kukokotolewa. Mafungu makubwa yangeipa kompyuta nafasi ya kupumua, lakini mpigaji angeisikia sauti yake ikija nyuma ya vidole vyake, na mpiga kanuni mahiri hawezi kuvumilia hilo. Kwa hili kijana aliamua vyema.

Nyumbani aliipitisha rekodi ya kanuni kwenye mtambo wake saa nzima. Kipimo cha prosesa kikatulia kwenye asilimia 30, naye akaridhika. Hapa ndipo pa kumtazama kwa makini. Asilimia 30 ilikuwa wastani, na jukwaani wastani haumfai mtu. Fungu ni kama abiria wa boti ya Unguja: likichelewa kidogo tu, boti imeshang'oa nanga, na spika zinatoa mkwaruzo mahali pa sauti. Mafungu 374 yaliyowahi hayalipii moja lililochelewa.

Jioni ya onyesho, vyombo vilipokuwa vikijaribiwa, maiki iliyofungwa kwenye kanuni ikawa inaleta mvumo wa umeme. Kijana akaongeza kipande kidogo cha programu, lango: sauti ikishuka chini ya kiwango fulani, lango hujifunga, na kinachopita ni sifuri tupu. Mvumo ukakoma. Fundi mitambo naye alipoona mwangwi ni mzuri, akaomba maiki ya mwimbaji ipitishwe humo humo, kwa njia yake peke yake. Maombi yote mawili yalikuwa ya maana. Hakuna lililojaribiwa zaidi ya dakika chache.

Wimbo wa kwanza ulikwenda salama. Wa pili ulikuwa na beti ambamo kanuni hupumzika, mwimbaji akabaki na fidla. Akina mama walikuwa wameshainuka kwenda kumtunza, noti mikononi, ndipo spika zilipoanza kukwaruza na sauti yake ikawa inakatika katikati ya neno. Fundi mitambo akabadilisha waya. Kiitikio kikaingia, mpiga kanuni akashusha vidole kwenye nyuzi, mikwaruzo ikakoma, wakaamini waya ndio uliokuwa mbovu. Ubeti uliofuata, mikwaruzo ikarudi. Wakati wa mapumziko wakamwomba mpiga kanuni apige ili watafute tatizo. Akapiga, na tatizo halikuonekana. Nani angemshuku mtu aliyenyamaza?

Mwangwi wa kidijitali mara nyingi hutengenezwa kwa kuirudisha sauti ndani ya mzunguko, kila ikizunguka ikipunguzwa kidogo. Manfred Schroeder wa maabara za Bell, Marekani, aliionyesha njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960, na programu nyingi za leo bado zimesimama juu ya wazo lake. Sauti inayopunguzwa hivyo haifiki sifuri upesi. Sikio limekwisha kuipoteza, prosesa bado inaizidisha. Mwangwi ambao sikio linauona umekwisha kwa sekunde moja huendelea ndani ya mashine kwa sekunde kumi na kitu, mpaka namba zikashuka chini ya 10⁻³⁸, ambapo ndipo mpaka wa namba za kawaida za biti 32 ulipo. Chini ya hapo prosesa nyingi huzihifadhi namba kwa namna ya pekee, na kuzikokotoa kunaweza kuchukua muda mara kumi au zaidi. Rekodi ya nyumbani haikuwahi kunyamaza kiasi hicho. Hata ukumbini, mvumo ule uliochukiwa ungezizuia namba zisizame. Lango ndilo lililoleta ukimya kamili, na katika ukimya wa kanuni mafungu yakaanza kuchelewa, yakiwa yamebeba sauti ya mwimbaji.

Dawa yake ni mistari miwili mitatu ya programu. Ama unaiamuru prosesa izihesabu namba hizo kuwa sifuri, ama unaongeza kwenye sauti kelele ndogo mno, ya kiasi cha 10⁻²⁰, ambayo hakuna atakayeisikia. Ni jambo linalojulikana miaka mingi, nalo huwakuta wapya kila siku.

Kinachoniuma mimi ni yule mwimbaji. Waliokuwa ukumbini hawakujua habari za prosesa. Walichosikia ni sauti yake ikikatika, na wengine wakarudi vitini na noti zao. Programu ya jukwaani imebeba heshima ya mtu mbele za watu, na aliyeiandika anadaiwa heshima hiyo. Sauti iwe na njia ya kupita bila kuchakatwa, na kila aliye jukwaani aijue kabla wageni hawajaingia. Nyongeza ya jioni ile ile, hata iwe ndogo namna gani, isubiri onyesho lijalo.

Kijana siku hizi huuachia mtambo wake sifuri tupu kwa dakika kumi, kisha husoma muda wa fungu lililochelewa kuliko yote. Kipimo cha wastani amekiondoa kwenye skrini. Mwimbaji amekubali kuimba tena kupitia mashine hiyo kwa sharti moja: maiki yake iwe pia na waya unaokwenda moja kwa moja kwenye miksa, na swichi ya kuhamia huko iwe chini ya mguu wake mwenyewe.