Kiti Katikati ya Njia



Jumatano iliyopita, baada ya maombi ya jioni, mama mmoja alibaki nyuma akitaka kusema nami. Juma lililotangulia nilikuwa nimemwomba afikishe kwa mumewe, ambaye ni kiongozi katika eneo letu, shauri la mjane wa usharika wetu anayezungushwa mwaka wa tatu sasa kuhusu kiwanja alichoachiwa na marehemu. Mama akaniambia kwa upole, "Mchungaji, mimi ni mke tu. Mambo ya ofisi ya baba watoto siyaingilii." Sikumjibu pale pale. Baadaye nilimwomba ruhusa ya kulitafakari neno lake pamoja nanyi, naye akaniruhusu.

"Mke tu." Juma zima nimekuwa nikimkumbuka Eleanor Roosevelt, aliyekuwa mke wa rais wa Marekani kwa miaka kumi na miwili, 1933 hadi 1945.

Alizaliwa New York, Oktoba 11, 1884, katika ukoo wa kitajiri, lakini mali haikumkinga na huzuni. Mama yake alikufa kwa dondakoo mwaka 1892. Baba yake, aliyempenda sana binti huyu lakini akashindwa na pombe, alifariki 1894. Hajatimiza hata miaka kumi, akawa yatima anayelelewa na bibi. Mama mzazi, alipokuwa hai, alikuwa akimwita "bibi" mbele ya wageni kwa sababu alimwona mtoto mnyamavu asiye na uzuri. Mtoto aliyeitwa hivyo hujifunza mapema kukaa pembeni.

Mwaka 1905 aliolewa na Franklin, ndugu yake wa mbali wa ukoo uleule. Walipata watoto sita, mmoja akafa akiwa mchanga. Mwaka 1918 alizikuta barua zilizomwonyesha kwamba mumewe alikuwa na mwanamke mwingine. Ndoa haikuvunjika, ila jeraha halikupona kabisa. Miaka mitatu baadaye Franklin akaugua polio, miguu ikapooza. Hapo ndipo mke aliyezoea kukaa pembeni alipoanza kwenda asikoweza kwenda mumewe.

Kuna kisa kimoja ninachokipenda kuliko vyote. Franklin alipokuwa gavana wa New York, alimtuma mkewe kukagua hospitali na vituo vya serikali. Mwanzoni Eleanor alirudi na orodha ya vyakula aliyoonyeshwa na wakuu wa vituo. Mumewe akamuuliza: je, ulifungua sufuria ukaona kinachopikwa? Hakuwa amefungua. Safari zilizofuata akaingia jikoni akafunua vifuniko, akaangalia jinsi vitanda vilivyobanana, akachungulia nyuma ya milango kuona kama kuna vitanda vya kukunja vilivyofichwa mchana. Wapendwa, ni wageni wangapi wa heshima wamepita katika zahanati na shule zetu, wakapokewa kwa ngoma, wakasaini kitabu, wakaondoka bila kufunua sufuria?

Eleanor alipoingia Ikulu ya Washington, karibu mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi nchini humo. Alikwenda kwenye machimbo ya makaa ya mawe, kwenye vibanda vya wasio na kazi, kwa wakulima waliofilisika. Aliitisha mikutano na waandishi wa habari akaruhusu wanawake peke yao, na magazeti yakalazimika kubaki na waandishi wanawake. Tangu 1935 aliandika safu ya magazetini siku sita kwa juma. Na kando ya kitanda cha rais palikuwa na kikapu ambamo kila jioni Eleanor aliacha barua na taarifa za watu wasio na njia ya kumfikia. Kikapu hicho ndicho kinachonigusa. Wengi wetu tulio karibu na mamlaka hatunyamazi hata kidogo. Tunaomba, tena tunaomba sana: kazi ya mtoto wa dada, kiwanja cha shemeji, nafasi ya mpwa chuoni. Tunasema "siyaingilii" pale tu shauri linapokuwa la mtu asiye wetu.

Novemba 1938 alihudhuria mkutano mjini Birmingham, Alabama. Sheria ya huko iliwatenga Weusi na Weupe hata ndani ya ukumbi mmoja. Aliketi upande wa Weusi. Polisi walipomwambia ahame, inasimuliwa kwamba alikichukua kiti chake akakiweka kwenye njia iliyogawanya pande mbili, akaketi hapo. Hakutoa hotuba juu ya jambo hilo. Mke wa rais aliketi katikati ya njia, na kila aliyekuwamo ukumbini aliona.

Mwaka uliofuata chama cha mabinti wa wapigania uhuru wa Marekani kilimnyima mwimbaji Mweusi Marian Anderson ukumbi wake. Eleanor alikuwa mwanachama, akajiuzulu. Kisha ikapatikana ruhusa mwimbaji aimbe nje, kwenye ngazi za mnara wa kumbukumbu ya Lincoln. Ilikuwa Aprili 9, 1939, siku ya Pasaka. Walikuja watu wapatao 75,000, Weusi kwa Weupe, wakasimama pamoja.

Nisiwafiche upande wa pili. Miaka ile, hasa kusini, Weusi walikuwa wakiuawa na makundi ya watu bila kesi wala hukumu. Mwaka 1934 Eleanor alimpeleka Walter White, mtetezi wa haki za Weusi, kuzungumza na rais ili sheria ya kukomesha mauaji hayo ipite. Rais alisikiliza, lakini hakutaka kugombana na maseneta wa kusini aliowahitaji kupitisha sheria zake nyingine. Sheria ikakwama. Tena mwaka 1942, serikali ya mumewe ilipoanza kuwaweka kambini watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia, Eleanor alipinga faraghani, lakini hadharani hakusimama dhidi ya amri hiyo. Kwa maoni yangu alipaswa kusema. Malkia Esta alipoingia kwa mfalme bila kuitwa, aliweka shingo yake rehani. Kwa watu wale wa kambini, Eleanor hakufika hapo.

Franklin alikufa Aprili 12, 1945, na mkewe akaja kujua kwamba yule mwanamke wa zamani alikuwa pamoja naye siku ile. Alimzika mumewe kwa heshima akihisi kazi yake imekwisha. Haikuwa imekwisha. Rais Truman alimteua katika ujumbe wa Marekani kwenye Umoja wa Mataifa, na huko akawa mwenyekiti wa tume iliyoandika Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Rasimu ilianza kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wanaume, lililozoeleka kutumika kwa watu wote. Eleanor hakuona tatizo. Hansa Mehta wa India ndiye aliyesisitiza liandikwe neno linalomtaja kila binadamu. Sisi tunaosema "mtu" bila kuuliza jinsia huenda tusione uzito wake, ila ziko nchi ambako neno lile la "wanaume" lingewaacha wanawake nje ya mlango. Mtetezi naye alihitaji kuambiwa, akakubali. Tamko lilipitishwa Paris, Desemba 10, 1948, kwa kura 48, hakuna aliyepinga, nchi 8 hazikupigia kura upande wowote.

Hata sisi hatukuwa mbali naye sana. Mwaka 1960, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru, Mwalimu Nyerere alishiriki katika kipindi chake cha televisheni kilichozungumzia Afrika. Eleanor alifariki Novemba 7, 1962. Sheria ya kuyatambua mauaji yale ya makundi kuwa kosa chini ya sheria ya taifa zima ilisainiwa Marekani Machi 2022, miaka 88 baada ya Walter White kuketi na rais. Hakuiona. Barua aliziweka kikapuni hata hivyo.

Mama yangu mpendwa wa Jumatano, sikuombi umwamulie baba watoto. Uamuzi ni wake na wa sheria. Shauri la mjane nimeliandika kwenye ukurasa mmoja, limo ndani ya bahasha juu ya meza ya ofisi ya usharika. Nitakuwapo hadi saa kumi jioni. Pita ulichukue.