JE, KUREJESHA MISULI ILIYOHARIBIKA NI KUSHINDANA NA MUUMBA?

Baadhi ya ndugu zetu wametuuliza: wataalamu wachukua seli za ngozi ya mtu, wazigeuza ziwe seli za misuli, ili wamtie mgonjwa ambaye misuli yake yaharibika. Je, huku si kushindana na Mwenyezi Mungu katika kuumba?

Yatupasa tulijue jambo kabla ya kulihukumu. Mwaka 2006, huko Kyoto, Japani, Profesa Shinya Yamanaka alitia jeni nne katika seli za panya, zikarejea katika hali ya uchanga, hali ambayo seli yaweza kukua ikawa ya kiungo chochote. Mwaka 2007 akafanya hivyo kwa seli za ngozi ya binadamu. Kwa njia hii hapaharibiwi mimba, na mgonjwa aweza kutibiwa kwa seli za mwili wake mwenyewe.

Basi Yamanaka ameumba nini? Seli hakuiumba, wala jeni. Fundi akalafatiye jahazi livujalo haambiwi kuwa ashindana na Aliyeuumba mti.

Ama kubadili maumbile kulikokatazwa, si huku. Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani, akatia pua ya fedha, ikanuka. Mtume (s.a.w.) akamwamuru atie ya dhahabu, na dhahabu ni haramu kwa wanaume. Ikiwa pua imepewa ruhusa hiyo, itakuwaje mtoto mwenye maradhi ya Duchenne? Maradhi haya huwapata zaidi wavulana: mtoto huanza kwa kuangukaanguka, kisha miguu humshinda, na mwisho hudhoofika misuli ya kupumua na moyo. Kumrejeshea alichopungukiwa ni tiba, na kujitibu tumeamrishwa. Lakini mwenye misuli mizima atakaye kuongezewa ili atambe, huyo hana haja aliyokuwa nayo Arfaja.

Twaogopa makosa mawili. La kwanza ni la asemaye, "Ni kadari," akakaa kitako. Maradhi ni kadari, na dawa pia ni kadari. La pili, nalo ni kubwa zaidi, ni la wauzao tumaini. Mwaka 2012 wataalamu wa Marekani walizitia seli za namna hii katika panya wagonjwa, misuli yao ikapata nguvu. Ama kwa wanadamu jambo hili lingali katika majaribio, na seli isiyogeuka sawasawa yaweza kuwa uvimbe mwilini. Amwambiaye mzazi auze shamba lake ili anunue sindano ambayo haijathibiti, huyo ala mali ya watu kwa batili, na amdhulumu mtoto asiyeweza hata kukimbia.

Basi elimu hii tusiiharamishe kwa kutoijua. Tuiharamishe hadaa, na kila mzazi aulize kabla ya kutoa pesa: nani ametibiwa kwa dawa hii akapona, na nani ameshuhudia?

Wallahu aalam.